Kabla hujalipia nyumba Kampala, Wakiso au Mukono

Anayekuja ofisini kwetu kabla ya kulipa, kazi yake huwa ni ya kukagua karatasi na kwenda kupima. Aliyekwisha kulipa mara nyingi anahitaji wakili wa mahakamani. Ndiyo maana tunasisitiza ukaguzi ufanyike mapema, hata kama dalali anasema kuna mnunuzi mwingine anasubiri na pesa mkononi.

Anza kwa kumuuliza muuzaji anauza haki gani. Katiba ya Uganda ya 1995 inatambua umiliki wa aina nne: mailo na frihodi (umiliki wa kudumu wenye hati), lizi (kukodi ardhi kwa miaka maalumu) na ardhi ya kimila. Sehemu kubwa ya Buganda ni mailo, iliyotokana na Mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza, na wanunuzi wengi huumia hapo, kwa sababu kipande kimoja kinaweza kuwa na watu wawili wenye haki: mwenye hati na mwenye kibanja, yaani anayekaa kwenye ardhi hiyo kwa haki bila kuwa na hati. Ukinunua hati peke yake, wenye vibanja waliomo unawapokea pamoja nayo. Tangu marekebisho ya sheria ya 2010, mwenye kibanja halali hatolewi ila kwa amri ya mahakama, tena kwa kosa la kutolipa busuulu tu, yaani kodi ya ardhi ya kila mwaka. Ukinunua kibanja, unapata nyumba na haki ya kukaa. Hati inabaki kwa mwenye ardhi, nawe unamlipa busuulu kila mwaka. Nyumba ya matofali yenye uzio, maji na Yaka (umeme wa kulipia kabla) inaweza kuwa imejengwa juu ya kibanja huku ikitangazwa kwa bei ya nyumba yenye hati.

Kibanja pia hakiuzwi kimyakimya. Sheria inamtaka muuzaji ampe mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kununua. Dai risiti za busuulu na idhini ya maandishi, kisha linganisha sahihi na jina lililo kwenye hati. Idhini ya mpwa wake au ya kijana anayemkusanyia busuulu haikulindi kama hana mamlaka ya maandishi.

Nyumba ikiwa na hati, usiridhike na fotokopi. Andika jina la kaunti (kwa mfano Kyadondo, Busiro au Kyaggwe), bloku na ploti, uende ofisi ya ardhi ya kanda husika kuomba upekuzi wa rejista, na majibu uyapate kwa maandishi: jina la mwenye hati, ukubwa, kaveati (zuio la kuhamisha hati), rehani. Hati inaweza kuwa halisi kabisa na bado benki inaidai. Rudia upekuzi siku ya kulipa, maana kaveati inaweza kuingia katikati. Jina likiwa la marehemu, watoto hawawezi kuuza bila barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, hata wakikubaliana wote. Na kama familia inaishi hapo, mke au mume wa muuzaji lazima aridhie kwa maandishi; bila hivyo mauzo ni batili.

Upekuzi unasoma karatasi tu. Kuna watu wameonyeshwa ploti kavu mlimani wakapewa hati ya ploti ya bondeni. Lipa mpima aliyesajiliwa afungue mipaka, yaani aitafute upya kwa vipimo, na akuonyeshe mawe yenyewe. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000, yaani desimali (sehemu za mia za eka) 11.5 hivi, na kwenye hati isomeke karibu hekta 0.046. Ukikuta 0.040, umepungukiwa karibu futi za mraba 700, za kutosha kuegesha magari kadhaa. Pungufu hilo mara nyingi hutokea mwenye eka moja anapotaka kutoa ploti nyingi na njia pia ipite.

Nenda uone mahali hapo Aprili au Novemba, baada ya mvua kubwa. Mafunjo, au magimbi yanayostawi hata wakati wa kiangazi, ni dalili ya kinamasi. Vinamasi serikali inavishika kwa niaba ya wananchi, na hati iliyotolewa humo inaweza kufutwa. Mwaka 2024 NEMA, mamlaka ya mazingira, ilibomoa nyumba za watu katika kinamasi cha Lubigi. Zungumza pia na majirani wa pande zote na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), bila dalali kuwepo. Ila mhuri wa LC1 unashuhudia mauzo, hauthibitishi umiliki.

Ndugu zetu wa Kenya, Tanzania au Kongo wasio raia wa Uganda hawawezi kumiliki mailo wala frihodi. Wanaruhusiwa lizi, isiyozidi miaka 99. Nao wamuulize muuzaji lizi imebaki miaka mingapi.

Lipa kwa benki, kwa awamu. Baki na sehemu ya mwisho mpaka ukabidhiwe hati halisi, fomu za uhamisho zilizosainiwa, picha za pasipoti na nakala ya kitambulisho cha taifa cha muuzaji. Tenga pia ushuru wa stempu, asilimia 1.5 ya thamani atakayoweka mthamini wa serikali: nyumba ya shilingi milioni 200 inadai milioni 3, mbali na ada za wakili na mpima. Na siku ileile unayolipa awamu ya kwanza, wakili wako aweke kaveati kwa niaba yako, ili muuzaji asiweze kumhamishia mtu mwingine hati kabla jina lako halijaingia kwenye rejista.