Risala ya Wanafunzi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuvishwa Nembo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Karibu sana ukumbini kwetu, tunapofundishwa sanaa za mapigano. Umevua viatu mlangoni bila kuambiwa, na sisi tuliokuwa na zamu ya kufagia leo asubuhi tumekwisha lipwa.

Risala nyingi huanza na historia na kuishia na maombi. Maombi yapo, hatutakuficha. Ila kwanza turuhusu tukueleze kuhusu kitambaa hiki kidogo chenye nembo yetu utakachowakabidhi wenzetu, maana kila mgeni huuliza: mbona mikono, na mbona duara halijafungwa? Hata fundi cherehani aliyetushonea nembo za mwanzo alilifunga duara moja kwa hisani yake, akidhani anatusahihishia kosa. Ile tunayo hadi leo, imebandikwa ndani ya mlango wa kabati.

Siku ya kuchagua nembo, wengi wetu tulitaka mnyama: joka, chui, simba mwenye meno nje. Mwalimu hakukataa. Alituuliza tu kama tunajua simbamarara aliye kwenye nembo ya Shotokan, mtindo mmoja wa karate, alitoka wapi. Tukajibu kwa sauti moja kwamba ni ukali. Akacheka. Funakoshi Gichin, mwalimu wa Okinawa, Japani, aliyeonyesha karate mjini Tokyo mwaka 1922, alikuwa pia mtunzi wa mashairi, na jina lake la kalamu lilikuwa Shoto, yaani mawimbi ya misonobari, ule mvumo wa upepo ukipita kwenye miti. Mchoraji Kosugi Hoan ndiye aliyemhimiza aandike kitabu, na ndiye aliyemchorea yule simbamarara. Wajapani wana msemo, "tora no maki", gombo la simbamarara, wakimaanisha andiko linalobeba siri na misingi ya fani. Basi mnyama tuliyemwogopa miaka yote alikuwa anatuambia tukasome!

Tangu siku hiyo tukawa wachunguzi. Tulijifunza kwamba nembo ya Kodokan, shule ya judo aliyoianzisha Kano Jigoro mwaka 1882, ina umbo la kioo cha kale chenye pembe nane na duara jekundu katikati. Wanajudo husimulia kuwa wekundu ule ni chuma cha moto, na weupe unaouzunguka ni hariri: nje laini, ndani hakupindiki. Alama ya Kyokushin, mtindo mwingine wa karate, nayo imetoka kwenye kata, yaani mfululizo wa miondoko uliopangwa, iitwayo Kanku, pale mtu anapoinua viganja viwili juu ya kichwa na kutazama mbingu kupitia uwazi kati ya vidole vyake. Joka letu likaanza kutuaibisha wenyewe.

Tulichochagua ni salamu tunayoitoa kila tunapoingia na kutoka: ngumi ya kulia imefunikwa na kiganja cha kushoto. Salamu hii ni ya zamani katika kung fu ya Wachina, na maelezo yake ni mengi. Wapo wanaosema ni jua na mwezi. Sisi tumeshika lililo wazi zaidi kwetu. Ngumi ni kile tunachofundishwa hapa. Kiganja ni mkono wa mtu yuleyule, unaoizuia. Hakuna polisi wala mwamuzi katika mchoro ule, Mheshimiwa. Anayezuia ni mwenye ngumi.

Kuhusu duara tutakwambia ukweli. Mwalimu alilichora kwa brashi, kwa mkupuo mmoja, na wino ukamwishia kabla hajafika mwisho. Baadaye tukagundua kuwa wachoraji wa Zen, madhehebu ya Kibudha, huchora duara liitwalo enso kwa namna hiyohiyo, na mara nyingine huliacha wazi makusudi. Tukafurahi kana kwamba tulipanga. Mwenzetu mmoja, mbishi wa kuzaliwa, alisema maana za nembo hubuniwa mchoro ukishapendeza, na kwa duara letu hatuna la kumjibu.

Kwa mikono, hata hivyo, tunalo. Mwaka jana mmoja wetu alimpiga mtu nje ya ukumbi, akiwa amevaa sare yenye nembo hii. Alikuwa ametukanwa, ni kweli, lakini hakuwa hatarini. Mwalimu hakumfukuza wala hakumgombeza mbele yetu. Alimpa wembe, akamwambia aifumue nembo mwenyewe, uzi kwa uzi. Ilimchukua karibu saa nzima, nasi tukiendelea na mazoezi huku tukisikia nyuzi zikikatika. Miezi mitatu alifanya mazoezi akiwa na alama nyeupe kifuani, kwa sababu sare ilikuwa imefubaa kote isipokuwa pale palipokuwa na nembo. Ametupa ruhusa kulisoma hili, na tunamshukuru. Tangu hapo hakuna mtoto ukumbini aliyeuliza tena kiganja kile kinafanya nini juu ya ngumi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni mawili. Mikeka ya mazoezi imechakaa na hatutoshi juu yake. Wadogo hujifunza kuanguka kwa zamu, na wanaosubiri huanguka sakafuni kwa hiari yao. Kwa lolote utakaloweza, tutashukuru. La pili ni jepesi: unapowakabidhi wenzetu nembo, wape mkononi, usiwabandike kifuani. Kila mmoja ataishona mwenyewe leo hii, sindano zimeandaliwa pale pembeni.

Watakaokuja mbele yako ni kumi na mmoja. Wa mwisho kwenye mstari ndiye tuliyemtaja, naye anarudishiwa ileile aliyoifumua.

Naomba kuwasilisha.