Tovuti zizibe kasoro kwanza, ndipo zituambie tubadilishe nywila

Mhariri,

Nina saiba hapa Kondele, Kisumu. Juzi mama mmoja alinijia na ujumbe kutoka tovuti ya Sacco yake: abadilishe nywila mara moja. Basi. Hakuelezwa sababu, wala kama kasoro yenyewe imeshazibwa.

Hili linanikera sana, kwa maana mpangilio ndio kila kitu. Aprili 2014 ilipotangazwa dosari ya Heartbleed katika OpenSSL, programu ambayo tovuti nyingi huitumia kuficha mawasiliano yake na wateja, ilibainika kuwa mtu angeweza kuchota hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva, yaani kompyuta inayoendesha tovuti, kwa kila ombi. Humo mlikuwa na nywila za watu, pengine hata ufunguo wa siri ambao tovuti hulindia mawasiliano yake. Kwa hiyo wenye tovuti walipaswa kwanza kuweka toleo lililorekebishwa, 1.0.1g, kisha watengeneze funguo mpya na kubatilisha vyeti vya zamani vinavyothibitisha kuwa tovuti ni ya kweli. Hapo ndipo mteja abadilishe. Akibadilisha mapema, nywila mpya nayo huenda ikaibwa.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru watu. Naomba mteja naye aandikiwe kwa Kiswahili chepesi: ni nini kiliharibika, kilirekebishwa lini, afanye nini sasa. Yule mama alikaa kwangu saa nzima akipiga simu ya Sacco, isipokelewe.

Mwenye saiba,
Kondele, Kisumu