Akina mama wa Mau nao washike kamera

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Juzi usiku hapa Nakuru niliangalia filamu ya Alanis Obomsawin, mama wa kabila la Abenaki kule Kanada. Aliitoa 1971, inaitwa Christmas at Moose Factory, ni dakika 13 hivi, na ni michoro ya krayoni ya watoto wa kabila la Cree, wenyeji pia wa Kanada, waliokuwa shule ya bweni na watoto wenyewe ndio wanasimulia, hakuna mtu mzima anawasemea. Nikairudia mara tatu.

Sasa Waogiek wetu, wenyeji wa msitu wa Mau, je? Mahakama ya Afrika kule Arusha iliwapa haki 2017 kwa kesi ya ardhi yao, mambo ya fidia ikaamua 2022, lakini kila nikiona video yao ni mgeni amekuja na kamera, anashuti mzinga, anashuti mzee, huyo anaenda zake.

Kuna mama Muogiek huniuzia asali, alinionyesha kwa simu kitu alishuti mwenyewe jikoni kwa nyanya yake. Moshi umefunika nusu ya skrini, unasikia tu nyanya akieleza kwa lugha yao nyuki walipita maua gani msimu huo, na huyu mama anacheka huku nyuma. Aki hiyo ni filamu tayari! Inataka tu kueditiwa na maandishi ya Kiswahili chini.

Naomba kaunti iwape hawa akina mama mafunzo hata ya wiki mbili, halafu ituwekee hizo filamu kwa ukumbi tuje tuone, mimi nitakuja na watoto wangu.

Msomaji, Nakuru