Risala ya Kikundi cha Watu wenye Ulemavu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Harambee, Ujiji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Mwenyekiti wa mtaa, masheikh na wachungaji,
Walimu mliotuazima uwanja na viti,
Wazazi, majirani na wanachama wenzangu,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Ndugu zetu viziwi wameshasalimiwa na mkalimani aliyesimama kushoto kwangu. Tunaomba wapiga picha wasimzibe.

Mgeni Rasmi, karibu Ujiji, ingawa kumkaribisha mtu kwao ni kumtania tu.

Risala hii naisoma mimi, mwenyekiti wa kamati ya uchangishaji. Naisoma kwa vidole, imeandikwa kwa nukta nundu, ndiyo maana katibu amenishikia maiki. Mkisikia nimenyamaza katikati ya sentensi msinipigie makofi ya kunitia moyo. Ni mkono unahamia mstari wa pili.

Tulianza watu 9 chini ya mwembe. Leo tuko 41: wasioona, viziwi, wenye ulemavu wa viungo, wenye ualbino, na kina mama wanaolea watoto wenye ulemavu wa akili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kazi yetu ni kudai kilichokwisha kuandikwa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 ipo. Inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge asilimia 3 ya nafasi kwa ajili yetu. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ni yetu. Shida ni kuyafikia hayo, na wakati mwingine shida yenyewe ni ngazi.

Mwenzetu mmoja, fundi cherehani, alikwenda ofisi moja ya umma kufuatilia fomu ya mkopo. Mhusika alikuwa ghorofani. Fundi akapanda kwa makalio, ngazi moja moja, fomu ameiuma kwa meno isichafuke. Alipofika juu akaambiwa mhusika yuko semina, arudi Jumatatu. Jumatatu tulikwenda watu 6, pamoja na mkalimani na nakala ya sheria, tukaketi chini ya ngazi. Hatukugombana na mtu. Ilitubidi kurudi mara nne. Siku hizi kila Jumanne mhusika anashuka, anahudumia watu kwenye chumba kilichokuwa stoo.

Bajaji, posho ya mkalimani na fotokopi vilitugharimu shilingi 87,000. Na hapo ndipo kamati yangu inapopata taabu, kwa sababu hakuna anayependa kuchangia bajaji. Kila mfadhili huuliza tunahitaji viti mwendo vingapi. Kiti kinapendeza kwenye picha, kina utepe, kinakabidhiwa. Tunashukuru sana, wenye navyo vinawafaa. Lakini kati ya viti 5 tulivyopewa, 3 vimelala, kwani magurudumu yake madogo ya mbele yanazama kwenye mchanga wa Kibirizi. Vilitengenezwa kwa sakafu ya hospitali.

Basi tunajichangisha wenyewe. Kina mama wetu wanapika sabuni ya mawese, wengine wanaanika na kufungasha dagaa. Kalenda yetu ya mapato inafuata mwezi wa angani: mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi haziwavuti dagaa, mitumbwi inakaa nchi kavu, na kibubu nacho kinakaa. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei hadi Agosti ili samaki wazaliane, hatukupinga, ila kodi ya chumba cha ofisi tuliilipa kwa kukopa.

Harambee iliyopita tuliahidiwa shilingi 3,400,000. Zilizoingia ni 1,150,000. Nilizunguka na daftari la ahadi nyumba kwa nyumba. Kwa muungwana mmoja, mtoto alitumwa aniambie baba hayupo, na baba mwenyewe anakohoa ndani. Mimi sioni, lakini masikio ninayo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, leo tunatafuta shilingi 4,800,000 za mwaka mmoja: mkalimani siku mbili kwa wiki, nauli, kodi ya chumba na karatasi za nukta nundu. Mhazini ameketi pale kwenye meza yenye kitambaa cha kijani na kitabu cha stakabadhi. Anayetoa taslimu au kwa simu atapata stakabadhi hapo hapo. Anayeahidi aandike na tarehe. Nitakuja.

Ombi la pili ni lako peke yako. Tumesikia unajenga maduka pale Mwanga na msingi umeshanyanyuka. Tunaomba mlangoni uweke njia ya mteremko kabla sakafu haijamwagwa, maana kubomoa baadaye ni gharama mara mbili. Kila sentimita 1 ya kimo ipewe sentimita 12 za urefu; ikiwa fupi kuliko hapo, kiti kinarudi nyuma na mtu wake. Fundi wako akitaka kuijaribu, fundi cherehani wetu yuko tayari kuja na baiskeli yake ya magurudumu matatu siku yoyote isipokuwa Jumanne.

Tunaomba kuwasilisha.