Barua ya wazi kwa Meneja wa Barabara wa Mkoa: shuka chini ya daraja

Mheshimiwa Meneja,

YAH: BERINGI ZA DARAJA LETU

Ahsante kwa rangi. Kingo zinang'aa, usiku unaziona toka mbali. Ila vijana wako walimaliza juu, wakapanda gari wakaenda zao. Ugonjwa uko chini.

Mimi nalima mchicha kando ya mto. Zamani nilikuwa fundi sanifu wa ujenzi, kwa hiyo nikiinua uso kutoka kwenye tuta macho hayatulii. Wengi hudhani mihimili ya daraja imegandishwa kwenye nguzo. La. Imekalia beringi, yaani vikalio vilivyowekwa kati ya mhimili na nguzo, na zetu ni matabaka ya mpira mweusi yaliyobanwa na mabamba ya chuma kwa ndani. Mhimili wa zege wa mita 30, joto lake likipanda nyuzi 25, hurefuka kama milimita 9, ukipoa hunywea. Mpira hulala kidogo huku na huku kuufuata, na yale mabamba huuzuia usifutuke pembeni kwa uzito.

Sasa zetu. Ule mwanya unaotugonga tairi juu ya nguzo umepoteza mpira wake wa kuziba, basi kila mvua inashusha maji na mchanga. Nguzo ya pili kutoka upande wa soko, beringi imefukiwa nusu na pameota mpapai. (Sikuung'oa, uwasaidie wakaguzi wako kupajua mahali.) Nilifukua kwa mkono: mpira umevimba upande mmoja, ufa unameza ukucha, na zege la nguzo chini yake linameguka ukingoni.

Februari 2008, huko Pittsburgh, Marekani, sehemu ya Birmingham Bridge iliteleza kwenye beringi zake, barabara ikashuka kama sentimita 20. Zile zilikuwa za chuma, zinazoinama huku na huku mhimili unaposogea, na bahati nzuri hakuna aliyeumia. Zetu hazitaanguka hivyo. Zitakachofanya ni kuitafuna nguzo polepole, na nguzo haibadilishwi kwa jeki.

Beringi inabadilishwa. Unainua mhimili milimita chache kwa jeki za haidroliki, unachomoa ya zamani, unaweka mpya. Kabla ya hapo kuna kazi ya koleo, ndoo za maji na kuziba ule mwanya, na hiyo haingoji bajeti ya mwaka ujao.

Njoo mwenyewe kabla ya masika. Ngazi ninayo, inafika.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa mchicha, chini ya daraja