Barua ya wazi kwa Waziri wa Kaunti ya Kisumu anayesimamia viwanda: Mashine za kuchapa vipuri zikae kando ya tanuri

Mheshimiwa Waziri,

Makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kufika bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili. Tunakuandikia mapema kwa ombi moja: ikiwa kaunti itanunua mashine za kuchapa za 3D, yaani zinazojenga kitu kwa plastiki iliyoyeyushwa, tabaka juu ya tabaka, zisifungiwe kwenye maabara ya kompyuta wala ukumbi wa maonyesho. Ziwekwe Kibuye au popote penye mafundi wa kusubu (kuyeyusha na kumimina) chuma, mlango kwa mlango na tanuri.

Wengi wanaposikia habari za mashine hizi hudhani kipuri kinatoka kimekamilika, unakifunga na kazi inaendelea. Kwa plastiki ya bei nafuu, mara nyingi sivyo. Chukua impela ya pampu, yaani gurudumu lenye mapanga linalosukuma maji, kama zile zinazovuta maji ya Mto Nyando kwenda kwenye mpunga wa Ahero. Ukiichapa kwa PLA, plastiki hiyo hulegea ikikaribia nyuzi joto 60, na pampu ikizunguka bila maji inafika hapo upesi. Mchanga wa mtoni unazila pembe za mapanga. Tena kitu kilichochapwa kimejengwa kwa matabaka, na nguvu yake kati ya tabaka na tabaka ni ndogo kuliko ndani ya tabaka lenyewe, kwa hiyo shafti ikianza kukaza, kitovu hupasuka pale penye mfereji wa kabari, ule mkato wa kukifunga kwenye shafti.

Lakini mashine hiyohiyo ikichapa pateni, yaani ule mfano unaoshindiliwa kwenye mchanga ili kuacha umbo la kumiminia chuma, hapo inalipa gharama yake. Fundi hupima impela iliyovunjika kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene na kipenyo), akirudisha sehemu zilizolika, kisha huichora kwenye kompyuta. Chuma cha kusubu hunywea kwa asilimia 1 hivi kinapopoa, kwa hiyo impela ya milimita 200 inahitaji pateni ya milimita 202; ikiwa ni aluminiamu, ongeza asilimia 1.3. Sehemu zitakazokerezwa baadaye, kama kitovu na ukingo, zinaongezwa milimita 2 au 3 za ziada. Kuta zote za wima zipewe mteremko wa nyuzi 2, la sivyo pateni ikichomolewa inabomoa mchanga. Mashine iwekwe hivi: nozeli (tundu linalotoa plastiki) ya milimita 0.4, tabaka la milimita 0.2, kuta nne, ndani ijazwe asilimia 20. Ikitoka ipakwe filla ile ya mafundi wa bodi za magari, ipigwe msasa hadi mistari ya matabaka ipotee, kisha rangi. Mistari ikibaki, mchanga huing'ang'ania.

Faida kubwa zaidi iko kwenye sanduku la kiini, yaani kalibu ya kuundia umbo la mchanga linaloacha nafasi tupu ndani ya chuma. Impela iliyofungwa pande zote mbili ina njia za maji zilizopinda katikati ya mapanga, na njia hizo hutengenezwa kwa kiini cha mchanga uliogandishwa. Kuchonga sanduku la kiini hicho kwa mbao ni kazi ya siku nyingi ya seremala hodari sana, na maseremala wa aina hiyo hawapatikani kirahisi. Mashine inalichapa usiku mmoja, na panga likiwa limekosewa pembe, unarekebisha mchoro na kuchapa tena bila kuanza upya. Kilichobaki ni ujuzi ambao mafundi wetu wanao tayari: mchanga usiwe na maji mengi, maana mvuke ukikosa pa kutokea huacha matundu ndani ya chuma.

Viwanda vya sukari vya ukanda wa Muhoroni na Chemelil vinahitaji huduma hii kuliko wengine. Miwa ikishakatwa inapoteza sukari kila saa inayopita, na pampu moja ikisimama, lori zinapanga foleni. Bushi (vibomba vifupi vya kushikilia shafti) na roli ndogo za konveya zinaweza kuchapwa moja kwa moja kwa nailoni. Warsha za geti na madirisha nazo zichapiwe jigi za kutobolea, yaani vielekezi vya kuonyesha keekee pa kutoboa, zenye bushi ya chuma ndani ya kila tundu ili keekee isile plastiki. Bila hiyo, jigi hupotoka kipimo baada ya muda mfupi tu.

Huko Marekani, kampuni ya GE huchapa kwa metali nozeli za mafuta za injini ya ndege ya LEAP. Vipande 20 hivi vimekuwa kimoja, na uzito umepungua kwa asilimia 25. Kilifi, nyumba za Mvule Gardens zilijengwa kwa mashine inayochapa kuta. Ni kazi za kusifiwa. Lakini mashine ya metali hutumia leza, gesi ya agoni na unga laini unaoweza kulipuka ukitapakaa hewani. Muuzaji akikuletea hiyo kwanza, tunaomba umkatalie.

Mambo mawili huua mashine za plastiki hapa kwetu. La kwanza ni unyevu wa ziwa. Uzi wa plastiki ambao mashine huuyeyusha hunyonya maji ya hewani. Ukisikia nozeli inatatarika na kuona nyuzi kama utando wa buibui, uzi umelowa na kipuri kitakuwa dhaifu. Nailoni ikaushwe kwa nyuzi 70 hadi 80 kwa saa 8 hadi 12, PLA nyuzi 45 hadi 50 kwa saa 4 hadi 6, kisha vihifadhiwe kwenye ndoo zenye mfuniko wa mpira na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. La pili ni stima. Ikikatika saa ya kumi na moja ya kazi ya saa kumi na nne, kitanda cha mashine kinapoa, kipuri kinabanduka, na kazi yote imepotea. Mashine ya wati 200 kwa wastani huendeshwa saa mbili na betri moja ya volti 12, ampea-saa 100, bila kuimaliza zaidi ya nusu.

Kwa hiyo zabuni iandikwe hivi: mashine 3 zenye kabati lililofungwa, betri 3 na inveta, oveni ya kukaushia, kalipa, mashine moja ya kukereza, na uzi wa mwaka mzima pamoja na nozeli za akiba. Iandikwe pia vitu visivyochapwa: vipuri vya breki, vya boila, na chochote kinachogusa samaki au chakula, maana mifereji ya matabaka huficha bakteria na haisafishiki.

Mchoro wa kila pateni ubaki kwenye hifadhi ya kaunti, ili fundi wa Ahero akivunjikiwa na impela ileile mwakani asianze kupima upya.

Ni sisi,
Mafundi wa kusubu na wachapaji wa vipuri, Kisumu