Malalamiko: tanuru mlilofunga si lile la kwenye mkataba

Brooklyn Park, Minnesota
9 Januari 2026

Kwa Meneja wa Huduma

YAH: TANURU LA GESI LILILOFUNGWA TAREHE 21 NOVEMBA 2025, MAREJESHO YAKE NA WARANTI YAKE

Ndugu Meneja,

Mkataba wenu tuliusaini kwa Kiswahili, na malalamiko haya tunayaandika kwa Kiswahili ili asiwepo wa kusema kwamba hatukuelewana. Sheria ya Minnesota, sura ya 327A, inamtaka mwenye nyumba atoe taarifa ya kasoro kwa maandishi ndani ya miezi 6 tangu aigundue. Barua hii ndiyo taarifa hiyo.

Kabla ya kuingia kwenye fedha, tunaanza na dohani. Tanuru la zamani, yaani mashine ya gesi inayopasha nyumba joto, lilikuwa la asilimia 80 (asilimia 80 ya nishati ya gesi iligeuka joto la nyumba) na lilitoa moshi kwenye dohani ya matofali pamoja na hita ya maji. Jipya linatoa moshi ukutani kwa bomba la PVC. Hita ya maji, yenye galoni 40 na Btu 40,000 kwa saa (Btu ni kipimo cha joto), imebaki peke yake kwenye dohani iliyojengwa kwa ajili ya vyombo viwili. Moshi wa hita moja hauna joto la kuipasha dohani pana kiasi hicho. Unapoa kabla ya kufika juu, mvuke wake unageuka maji yenye asidi yanayokula chokaa kati ya matofali, na siku za baridi kali moshi wenyewe unarudi chini na kumwagika chumbani. Ninyi mlilijua hilo, maana kipengele cha 5 cha mkataba kinasema mtashusha bomba la alumini la inchi 4 ndani ya dohani kwa dola 650. Halikushushwa. Juu ya paa hakuna kofia mpya, na huku chini bomba la hita bado limechomekwa kwenye tofali kama zamani.

Tarehe 5 Januari fundi wa kujitegemea alifunga milango na madirisha, akawasha feni ya jikoni, feni ya bafuni na mashine ya kukaushia nguo, kisha akawasha hita na kungoja dakika 5. Kioo alichokiweka kwenye ukingo wa kofia ya moshi iliyo juu ya hita kilishika ukungu na ukungu haukuondoka. Maana yake moshi ulikuwa unatokea chumbani, na ndani ya moshi huo ndimo inamopita kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Hita imezimwa tangu siku hiyo na nyumba haina maji ya moto. Fundi wenu alipaswa kufanya jaribio hilihili kabla ya kufungasha vifaa vyake. Angekuta tatizo ndani ya robo saa.

Mengine yote yanatokana na kibao kimoja cha bati kilicho nyuma ya mlango wa tanuru. Mkataba unataja tanuru la Btu 60,000 kwa saa, AFUE (asilimia ya nishati ya gesi inayogeuka joto la nyumba kwa mwaka) ya asilimia 97, lenye moto unaojipunguza na kujiongeza kulingana na baridi. Namba ya modeli iliyo kwenye kibao ni ya tanuru la Btu 80,000, lenye moto wa hatua moja, na katika orodha ya AHRI, taasisi ya Marekani inayothibitisha vipimo vya vifaa vya joto na ubaridi, AFUE yake ni asilimia 96. Tulipopiga simu tarehe 2 Januari tuliambiwa kwamba tumepewa kubwa zaidi kwa bei ileile, kwa hiyo tumefaidika.

Hatukufaidika. Hesabu ya upotevu wa joto mliyoifanya wenyewe, na iliyobandikwa kwenye mkataba, inaonyesha kwamba nyumba hii inahitaji Btu 47,000 kwa saa siku ya baridi kali. Mwongozo wa fani yenu unaoitwa Manual S unaruhusu tanuru lifike hadi asilimia 140 ya mahitaji hayo, yaani Btu 65,800. Tanuru la mkataba lingetoa 60,000 × 0.97, yaani 58,200, na lingekuwa ndani ya kipimo. Hili linatoa 80,000 × 0.96, yaani 76,800. Limezidi mahitaji kwa asilimia 63, na kwa kuwa moto wake ni wa hatua moja, linawaka kwa nguvu zote hata jioni ambayo nje kuna baridi ndogo.

Mifereji ya hewa haikubadilishwa, na hapo ndipo ubovu unapoonekana kwa vipimo. Katika vipimo vya 5 Januari, hewa inayorudi kwenye tanuru ilikuwa nyuzi 66 za Farenhaiti, inayotoka nyuzi 138. Joto limepanda kwa nyuzi 72, wakati kibao kinaruhusu kati ya 35 na 65. Mgandamizo wa hewa kwenye mifereji ulikuwa inchi 0.91 za maji, na kikomo kwenye kibao hichohicho ni 0.5. Filta ilikuwa mpya na matundu yote ya hewa yalikuwa wazi. Kumbukumbu ya hitilafu kwenye bodi ya umeme inaonyesha kwamba swichi ya kuzuia joto kupita kiasi ilikata moto mara 3 ndani ya saa 1. Ukigawa 76,800 kwa (1.08 × 72), ambapo 1.08 ni namba ya kudumu ya hesabu za hewa, unapata futi za ujazo 988 za hewa kwa dakika, na hiyo ndiyo hewa yote ambayo mifereji hii inapitisha. Kwa hewa hiyohiyo tanuru la mkataba lingepandisha joto kwa nyuzi 55 hivi, ndani ya kipimo cha 30 hadi 60 kilichochapwa kwenye kitabu chake. Kwa hiyo joto kupanda kupita kipimo si kosa la mifereji.

Fundi wenu alipendekeza njia mbili za mkato, na tunazikataa zote. Ya kwanza ni kuongeza kasi ya feni. Tayari iko kwenye kasi ya juu, na mgandamizo umeshapita kikomo karibu mara mbili. Ya pili ni kupunguza gesi kwenye vali chini ya inchi 3.5 za maji zilizoandikwa kwenye kibao. Mtengenezaji haruhusu. Moto ukiwa dhaifu kuliko ulivyokusudiwa, mvuke unaanza kuganda kuwa maji kwenye kibadilisha joto cha kwanza, yaani chuma kinachopokea joto la moto na kuipasha hewa, ambacho hakikutengenezwa kustahimili asidi, nacho kinaliwa na kutu kutoka ndani.

Sasa fedha. Mlitupa bei ya dola 7,400, bomba la dohani likiwamo, na chini yake mkaandika mistari miwili ya kupunguza: dola 400 za marejesho kutoka kampuni ya gesi na dola 600 za nafuu ya kodi ya serikali kuu. Gharama halisi ikawa dola 6,400, na kwa hesabu hiyo ndipo makadirio yenu yakaonekana nafuu kuliko ya washindani wenu. Tofauti ya gesi kati ya asilimia 96 na 97 ni ndogo na hatuilalamikii. Tunacholalamikia ni kwamba nafuu hiyo ya kodi, kwa tanuru la gesi, ilitolewa kuanzia asilimia 97. Kwa tanuru la mkataba hesabu ingekuwa rahisi: dola 7,400 ukitoa marejesho 400 zinabaki 7,000, asilimia 30 yake ni 2,100, na kikomo ni 600, kwa hiyo tungepata 600 kamili kwenye fomu 5695 ya kodi ya serikali kuu. Kwa tanuru lililofungwa hakuna hata senti. Na msituambie kwamba mkilibadilisha tutadai baadaye. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 iliifuta nafuu hiyo kwa vifaa vinavyofungwa baada ya 31 Desemba 2025, na kinachohesabiwa ni siku ya kufungwa, si siku ya kulipa wala ya kusaini mkataba. Mlango huo umefungwa kwa sababu ya kosa lenu, na dola 600 ni deni lenu.

Marejesho ya kampuni ya gesi nayo yamekwama palepale. Fomu mliyotujazia ina namba ya AHRI ya modeli ya mkataba, ila namba ya mfululizo ni ya tanuru lililofungwa. Fomu imerudishwa, na ni haki irudishwe, maana karatasi moja inaeleza mashine mbili. Ankara yenu nayo imeandikwa tu “tanuru la ubora wa juu”, bila modeli, bila namba ya mfululizo, bila tarehe ya kufunga. Hakuna kampuni ya gesi inayorejesha fedha kwa ankara ya namna hiyo.

Kuhusu waranti, mtengenezaji anatoa miaka 10 kwa vipuri iwapo tanuru litasajiliwa ndani ya siku 60 tangu kufungwa, na miaka 5 lisiposajiliwa. Siku ya 60 ni 20 Januari 2026. Cheti mlichotutumia kinaonyesha mmesajili modeli ya mkataba, yaani mashine ambayo haimo ndani ya nyumba hii. Siku bodi au feni itakapokufa, mtengenezaji ataomba picha ya kibao, ataona namba hazilingani, na fundi atakuwa amesimama mlangoni bila kipuri huku mabomba ya maji yakikaribia kuganda. Kibadilisha joto kimeandikiwa waranti ya maisha, lakini waranti hiyo haifidii uharibifu unaotokana na ufungaji mbaya. Tanuru linalopanda nyuzi 72 kila linapowaka hupanua na kusinyaza chuma kupita kipimo hadi kipasuke, na vipimo vya leo vitakuwa ushahidi wa mtengenezaji dhidi yetu. Kadhalika, mtengenezaji halipi ujira wa fundi. Mwakilishi wenu aliahidi kazi itadhaminiwa miaka 2, ankara inasema mwaka 1. Sura ya 327A inatoa miaka 2 kwa kasoro zinazotokana na mfumo wa joto kufungwa kinyume na kanuni za ujenzi, kwa hiyo mwaka 1 huo ufutwe.

Bomba la PVC ukutani liko inchi 7 tu kutoka ardhini. Kitabu cha mtengenezaji kinataka inchi 12 juu ya kimo cha theluji kinachotarajiwa. Theluji ikiliziba, swichi ya mgandamizo inakata moto na nyumba inabaki baridi. Lipandishwe, na mteremko wa robo inchi kwa kila futi kurudi kwenye tanuru uhifadhiwe ili maji yasituame ndani.

Tunachotaka ni hiki. Bomba la alumini lishushwe kwenye dohani kabla ya jioni ya Jumatatu, 12 Januari, na jaribio la kioo lifanywe mbele yetu. Usajili wa waranti usahihishwe kabla ya tarehe 20, ili hili lililopo lisibaki bila kinga wakati tunangoja. Kufikia 30 Januari tanuru hili liondolewe na lifungwe lile la mkataba, kazi ianze asubuhi na kumalizika siku hiyohiyo, nanyi mje na hita mbili za umeme za kulinda mabomba ya maji. Kabla fundi hajaondoka, apime mpando wa joto, mgandamizo wa mifereji na gesi kwenye vali, aandike namba hizo kwenye karatasi na kuisaini. Kibali cha jiji kiombwe, maana kwa kazi ya Novemba hakikuombwa, na mkaguzi aitwe. Ankara mpya iwe na modeli, namba ya mfululizo, namba ya AHRI na tarehe, na tanuru jipya lisajiliwe wiki hiyohiyo kwa kuwa siku 60 zake zinaanza upya. Mtulipe dola 600 za nafuu ya kodi iliyopotea. Na kama marejesho ya gesi kwa mwaka 2026 yatapungua chini ya dola 400, upungufu huo uwe wenu.

Tumeshalipa dola 5,900. Dola 1,500 zilizobaki zipo na zitalipwa siku mkaguzi wa jiji atakapoipitisha kazi. Tusipopata jibu la maandishi kufikia 14 Januari tutapeleka faili hili kwa ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Minnesota, kitengo cha walaji, na kwa Idara ya Kazi na Viwanda ya jimbo, ambako wakandarasi wa fani yenu huweka dhamana ya dola 25,000 kwa ajili ya kazi za aina hii.

Tumeambatanisha nakala ya mkataba, hesabu yenu ya joto, picha za kibao, za dohani na za bomba la ukutani, karatasi ya vipimo vya 5 Januari, fomu iliyorudishwa na cheti cha waranti.

Wenye nyumba